Saratani ya Matiti na Miezi Inayopotea Tabora

Mwezi Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani kuelekea bara pamoja na msafara wa wapagazi. Walifika Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, mwezi Novemba. Safari ilikuwa imechukua zaidi ya miezi minne. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, miezi hiyo iligeuka kuwa siku chache. Na siku hizi msafiri anayepanda basi Tabora alfajiri hutarajia kulala Dar es Salaam usiku wa siku hiyo hiyo. Njia ya misafara imefupishwa kiasi ambacho wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa mabingwa wake, wasingeweza kukisadiki.

Hata hivyo, kuna msafiri mmoja ambaye bado hutumia miezi mingi katika njia hiyo. Huyo ni mwanamke wa Isevya, au wa kata nyingine yoyote ya mji na vijiji vya Tabora, ambaye ameona uvimbe katika titi lake. Safari yake haianzii kituo cha basi. Huanza siku ile vidole vyake vinapogusa kitu kigumu kisichouma, nayo huisha siku anapopata tiba kamili. Kati ya siku hizo mbili hupita miezi, na pengine mwaka mzima na zaidi. Tathmini ya hali ya saratani ya matiti nchini Tanzania iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban wanawake 8 kati ya 10 hugunduliwa wakati ugonjwa umekwisha kufikia hatua ya tatu au ya nne, yaani hatua za mwisho. Basi hoja ya makala haya ni kwamba adui mkubwa wa mgonjwa wa Tabora si umbali wa kilometa, bali ni kupotea kwa muda. Na kwamba sehemu kubwa ya muda huo inaweza kuokolewa kwa elimu ya shuleni na kwa hadubini, kabla ya kufikiria mitambo ya gharama kubwa.

Ugonjwa wenyewe

Titi la mwanamke limejengwa kwa vijitezi vinavyotengeneza maziwa, mifereji inayoyapeleka maziwa hayo kwenye chuchu, pamoja na mafuta na nyuzinyuzi zinazovishikilia vitu hivyo vyote. Ndani ya mifereji na vijitezi mna utando mwembamba wa seli. Seli hizo huitikia homoni za mwili: kila mwezi huongezeka na kupungua kufuatana na hedhi, na wakati wa mimba na kunyonyesha hukua na kufanya kazi yake hasa. Kila seli inapogawanyika hunakili maagizo ya urithi yaliyomo ndani yake. Mara chache hutokea kosa katika kunakili. Makosa mengi hurekebishwa, ama seli yenye kosa hufa. Lakini makosa kadhaa yakikusanyika katika seli moja, seli hiyo huweza kuacha kutii amri ya mwili ya kukoma kugawanyika. Hapo ndipo saratani inapozaliwa.

Visa vingi sana, takriban 85 katika kila 100, huanzia katika utando wa mifereji. Vilivyosalia karibu vyote huanzia katika vijitezi vya maziwa. Mwanzoni seli zilizoasi hubaki ndani ya mfereji, hazina dalili, na haziwezi kumwua mtu. Baadaye huweza kutoboa ukuta wa mfereji na kuingia katika nyama ya titi. Kutoka hapo baadhi huchukuliwa na mishipa ya limfu hadi kwenye tezi za kwapani, na nyingine huingia katika damu zikaenda kuota katika mifupa, mapafu, ini au ubongo. Yafaa ieleweke wazi kwamba mgonjwa hauawi na uvimbe uliomo katika titi. Huuawa na matawi yake yaliyoota katika viungo ambavyo mwili hauwezi kuishi bila ya hivyo. Kwa sababu hiyo suala la muda ndilo suala la uhai.

Hesabu ambayo kila mwanafunzi anaiweza

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa hatari hii mwenyewe. Seli moja ikigawanyika huwa mbili, kisha nne, kisha nane. Baada ya kujigawa mara 30 idadi inazidi kidogo bilioni moja. Kiasi hicho ni sawa na uvimbe wenye upana wa sentimeta moja hivi, ukubwa wa punje ya karanga. Ikiwa seli hizo zitajigawa mara 10 tu zaidi, idadi hufikia trilioni moja, na uzito wake hukaribia kilo nzima. Kwa kawaida mwili haufiki hapo ukiwa hai. Ndiyo kusema kwamba siku karanga inapoguswa kwa vidole, robo tatu ya safari ya ugonjwa imekwisha kupita kimyakimya, na iliyobaki ni robo moja.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba uvimbe fulani huongezeka maradufu kila baada ya miezi minne. Katika mwaka mmoja utaongezeka maradufu mara tatu, yaani utakuwa mara nane ya ujazo wake wa awali. Kwa kuwa ujazo wa tufe hufuata kipeo cha tatu cha upana wake, uvimbe wa sentimeta 1 utakuwa na upana wa sentimeta 2. Mwaka wa pili utakuwa na sentimeta 4, ukubwa wa ndimu. Hakika seli za mwili hazifuati hesabu kwa unyofu huo. Nyingine hufa, na kasi hutofautiana sana baina ya mgonjwa na mgonjwa. Lakini mfano huu unatosha kuonyesha kwamba neno “nitangoja kidogo nione” lina bei, na bei hiyo hupanda kila msimu.

Nani yumo hatarini

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti ulimwenguni, na watu wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wanaume pia hupata, ingawa ni chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100. Nchini Tanzania saratani hii ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi.

Hatari ya kwanza ni kuwa mwanamke, na ya pili ni kuongezeka kwa umri. Baada ya hizo huja mambo yanayorefusha muda ambao titi linaathiriwa na homoni: kuvunja ungo mapema, kukoma hedhi kwa kuchelewa, kutozaa, au kuzaa mtoto wa kwanza baada ya umri wa miaka 30. Uchunguzi mkubwa uliokusanya takwimu za nchi 30 na kuchapishwa mwaka 2002 uliona kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4 hivi, mbali na kinga inayotokana na uzazi wenyewe. Unywaji wa pombe huongeza hatari, na unene wa kupita kiasi baada ya kukoma hedhi kadhalika. Mambo hayo mawili yanastahili kuangaliwa katika miji inayokua, ambako maisha yanabadilika upesi.

Urithi nao una sehemu yake. Katika miaka ya 1994 na 1995 wanasayansi walizitambua jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, ambazo kazi yake ya kawaida ni kurekebisha makosa katika maagizo ya urithi. Mwanamke aliyerithi jeni mojawapo ikiwa na hitilafu huwa na hatari kubwa kuliko wenzake. Lakini watu hao ni wachache. Karibu nusu ya wagonjwa wote hawana sababu yoyote inayojulikana isipokuwa jinsia yao na kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo yule asemaye, “Kwetu hakuna ugonjwa huo, sitaupata,” anajidanganya.

Yako pia mambo ambayo watu huyataja bila msingi. Kuweka noti au simu ndani ya sidiria hakuleti saratani. Ugonjwa huu hauambukizi, wala mtoto aliyenyonya titi lenye uvimbe hapati saratani kwa kunyonya. Wala hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba hutokana na husuda ya jirani au mke mwenza.

Vituo vitatu vya kuchelewa

Wapagazi wa zamani waliihesabu njia kwa vituo vya kambi. Safari ya mgonjwa nayo ina vituo vitatu, na katika kila kimoja muda huweza kukwama.

Kituo cha kwanza ni nyumbani. Dalili zenyewe ni nyepesi kuzitaja: uvimbe katika titi au kwapani, ngozi iliyovutwa ndani au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, usaha au damu kutoka katika chuchu, kidonda kisichopona. Kinachowapumbaza watu ni kukosekana kwa maumivu. Katika malezi ya kawaida mtu hufunzwa kwamba kisichouma si ugonjwa. Katika saratani ya matiti ni kinyume chake, kwa maana uvimbe wa mwanzo aghalabu hauumi. Juu ya hayo kuna haya ya kumwonyesha mtu kifua, na ruhusa ya mume, na nauli, na msimu wa kilimo usiongoja. Wengine hupita kwanza kwa mganga wa mitishamba, wakakaa huko hadi ngozi ipasuke.

Kituo cha pili ni kati ya zahanati na hadubini. Mwanamke amekwenda, lakini amepewa dawa ya jipu na kuambiwa arudi nyumbani. Akarudi tena baada ya miezi miwili, akapewa nyingine. Hata akifikishwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, hakuna jicho wala mkono unaoweza kuthibitisha saratani kwa yakini. Lazima itolewe seli kwa sindano, au kipande kidogo cha nyama, na mtaalamu wa patholojia akitazame kwa hadubini. Wataalamu hao ni wachache nchini na wengi wao wako katika hospitali kubwa za miji michache. Kipande cha nyama huweza kusafiri mbali, na majibu yake huweza kuchelewa kurudi.

Kituo cha tatu ni kati ya hadubini na mwisho wa tiba. Tiba ya mionzi haipatikani kila mkoa. Mgonjwa wa Tabora hupelekwa Bugando, Mwanza, au katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mionzi hutolewa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Huyo mama atalala wapi, na nani atawalea watoto aliowaacha Isevya? Baadhi huanza tiba wasiimalize.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa malengo matatu yanayolingana kabisa na vituo hivi: angalau wagonjwa 60 katika kila 100 wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, uthibitisho ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza mbele ya mhudumu wa afya, na wagonjwa 80 katika kila 100 wamalize tiba yao. Utafiti uliowafuata wagonjwa katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, ulichapishwa mwaka 2020. Ulionyesha kwamba karibu nusu walikuwa wamefariki baada ya miaka mitatu, na kwamba kugundua mapema pamoja na kuboresha tiba kungeweza kuzuia karibu theluthi moja ya vifo hivyo. Katika nchi tajiri zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Tofauti hiyo haitokani na ngozi wala na damu pekee. Kwa sehemu kubwa inatokana na muda na huduma.

Tiba ipo

Kuna imani iliyoenea kwamba kisu au sindano ya daktari “huuamsha” ugonjwa na kuusambaza. Chanzo chake ni rahisi kukifahamu: mtu akipelekwa hospitalini akiwa mahututi, akapasuliwa, kisha akafa, majirani huona kisu na kifo vimefuatana. Hawaoni ile miaka miwili iliyotangulia kisu. Wanafunzi wa sayansi hawana budi kujifunza kutofautisha mfuatano wa mambo na chanzo chake.

Tiba ya saratani ya matiti imeendelea sana. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani William Halsted alieneza upasuaji wa kuondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Karibu miaka mia ilipita kabla ya Bernard Fisher wa Marekani na Umberto Veronesi wa Italia kuthibitisha, katika miaka ya 1980, kwamba uvimbe mdogo ukiondolewa peke yake na titi likapigwa mionzi, wagonjwa huishi muda ule ule kama wale walioondolewa titi zima. Basi mwanamke anayewahi huweza kubaki na titi lake; anayechelewa ndiye hulipoteza. Ukweli huu ungetangazwa vya kutosha, hofu inayowaficha wanawake nyumbani ingegeuka kuwa sababu ya kuwatoa.

Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alitangaza kwamba kuondoa mifuko ya mayai ya uzazi kulipunguza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa. Leo sababu yake inajulikana: saratani nyingi za matiti zina vipokezi vya homoni, na homoni huzilisha. Vidonge vya tamoksifeni, ambavyo si dawa ya bei kubwa, huvizuia vipokezi hivyo. Vikimezwa kwa miaka mitano hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wenye saratani ya aina hiyo. Aina nyingine ina kipokezi kiitwacho HER2, nayo ina dawa yake. Aina isiyo na kipokezi chochote kati ya hivyo hutegemea zaidi upasuaji, mionzi na dawa za kemikali zinazoua seli zinazogawanyika upesi. Lakini hakuna daktari awezaye kuchagua kati ya dawa hizo pasipo majibu ya maabara ya patholojia. Hospitali yenye dawa bila hadubini ni kama duka la viatu lisilojua vipimo vya miguu.

Mashine au mikono?

Wapo wanaodai kwamba dawa ya tatizo hili ni kununua mashine ya eksirei ya matiti kwa kila wilaya. Dai hilo lina nia njema, lakini limetanguliza la mwisho. Mashine hiyo imetengenezwa ili kuona uvimbe ambao mkono hauwezi kuugusa. Nayo huona kwa shida zaidi katika matiti ya wanawake wenye umri mdogo, ambayo yana nyama nzito. Tanzania wagonjwa wengi hufika wakiwa na uvimbe unaoonekana kwa macho. Wala mashine haitoi uthibitisho. Picha yenye shaka bado inahitaji sindano na hadubini.

Wengine husema inatosha kumfundisha kila mwanamke zoezi la kujipapasa kila mwezi. Hilo lilijaribiwa Shanghai kwa wafanyakazi wa viwandani zaidi ya 260,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliofundishwa na wasiofundishwa walikufa kwa idadi zinazolingana. Tofauti na hilo, jaribio la miaka 20 huko Mumbai, India, lililochapishwa mwaka 2021, lilihusu wanawake zaidi ya 150,000. Wahudumu wa afya wa kawaida waliofunzwa waliwapima wanawake matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili. Ugonjwa uligunduliwa katika hatua za mapema zaidi, na miongoni mwa wenye umri wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Funzo la majaribio hayo mawili ni hili: mwanamke aujue mwili wake na asikae na badiliko lolote, lakini asiachiwe mzigo peke yake. Muuguzi na mkunga wa zahanati wafunzwe kupima matiti, kila hospitali ya mkoa iwe na altrasaundi na njia ya haraka ya kupata majibu ya patholojia, na siku 60 zihesabiwe na kutolewa taarifa kama zinavyohesabiwa chanjo za watoto. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango. Faida yake kwa mgonjwa wa saratani itapimwa kwa jinsi inavyompunguzia vikwazo vya kituo cha pili na cha tatu.

Itasemwa kwamba elimu itawajaza watu hofu na kuzijaza hospitali vivimbe visivyo na madhara. Ni kweli kwamba vivimbe vingi vya matiti, hasa vya wasichana wa umri wa shule, si saratani, na wanafunzi wa kike waambiwe hivyo waziwazi ili wasitaabike bure. Lakini ni kipimo kinachoweza kusema kipi ni kipi, si kunyamaza.

Kazi ya shule

Tabora ni mji wa shule tangu zamani. Mwalimu wa biolojia anayefundisha mgawanyiko wa seli, homoni na urithi anayo tayari mada yote ya saratani ya matiti mikononi mwake. Kinachobaki ni kuitaja kwa jina lake. Mwalimu wa hisabati anaweza kuitumia hesabu ya kujigawa maradufu badala ya mifano isiyomhusu mtu. Kifuko cha kitambaa laini kilichojazwa pamba, na ndani yake kufichwa punje ya karanga, gololi na ndimu, kinatosha kuwafundisha wavulana na wasichana jinsi sentimeta 1 inavyohisiwa chini ya vidole, bila kumvunjia mtu yeyote heshima.

Wavulana wasitolewe darasani wakati wa somo hili. Kesho wao ndio waume watakaoombwa nauli, na leo wana mama, shangazi na dada. Mwanafunzi akirudi nyumbani na kumwambia mama yake kwa adabu kwamba uvimbe usiouma ndio wa kuharakishwa hospitalini, na kwamba anayewahi huweza kubaki na titi na uhai wake, somo hilo litakuwa limeokoa miezi ambayo hakuna reli wala barabara iwezayo kuirudisha.